Kurasa za Kipanga Zilizofungiwa Bizari

Bizari ya dukani kwa Alibhai ilikuwa na harufu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya bizari yenyewe, iliyokuwasha pua kabla hujafungua kifurushi. Ya pili ilitoka kwenye karatasi: wino, sabuni ya meli, na unyevunyevu wa mahali pasipopata jua, kwa kuwa karatasi hiyo ilikuwa imesafiri majuma mengi baharini kabla ya kufika Bondeni, Mombasa. Nilikuwa na umri wa miaka tisa, nami niliipenda ile ya pili. Ilikuwa miaka ya vita. Kilindini ilijaa manowari na meli za shehena, na mabaharia wakishamaliza kusoma vitabu vyao vya picha walivitupa kama maganda ya machungwa. Wachukuzi wa bandarini waliviokota, wakavifunga matita, wakawauzia wenye maduka kwa ratili, maana karatasi wakati ule ilikuwa adimu kuliko sukari. Alibhai, mzee wa Kihindi mwenye ndevu nyeupe na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, alivichana ukurasa mmoja mmoja akafungia bizari, njugu na hina. Hivyo ndivyo shujaa wa kwanza wa maisha yangu alivyoingia nyumbani kwetu Kibokoni: amekunjwa mara nne, ana doa la manjano kifuani, anaruka juu ya majumba marefu kuliko mnara wowote niliowahi kuuona.

Sikumjua jina. Chuoni nilikuwa nimefundishwa kusoma msahafu, na baba alikuwa amenionyesha herufi za Kizungu, lakini maneno ya Kiingereza niliyatazama tu kama mtu atazamavyo nyayo za kuku mchangani. Alivaa nguo za kijani zilizombana mwili, barakoa yenye mdomo wa ndege, na mgongoni alikuwa na joho lililokatwa kama mbawa. Nikamwita Kipanga. Nilimnyoosha kwa kiganja, nikampangusa bizari, nikamlaza chini ya mkeka wangu, na kesho yake nikajitolea kwenda dukani kabla sijatumwa. Sikuwa mkusanyaji wa kutajika, na mpaka leo siwezi kujilinganisha na watu wanaojua kila toleo na kila mchoraji. Nilikuwa msomaji wa kubahatisha, tena asiyejua kusoma. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na mwezi haukwisha kabla sijawa na kurasa kumi na mbili.

Alibhai alinishtukia. "Binti, wewe wataka bizari au wataka picha?" aliniuliza siku moja, mikono yake juu ya mizani. Niliona haya, lakini nikasema kweli kwamba nilitaka picha. Alicheka mpaka miwani ikateleza. "Karatasi ni karatasi. Niletee ratili ya gazeti, nitakupa ratili ya picha. Mimi bizari yangu haijui kusoma." Baba alikuwa karani wa forodha na kila Ijumaa alileta magazeti makuukuu ya ofisini. Nilimwomba, akanipa bila kuuliza mengi. Basi tukawa tunabadilishana, mimi na mzee yule, kila mmoja akiamini amempunja mwenziwe.

Kaskazi ya mwaka huo ndipo aliporudi nyumbani shangazi yangu Rukia, dada mdogo kabisa wa baba. Mumewe Salimu alikuwa akifanya kazi kwenye meli ya shehena, chini kabisa, kwenye tanuri la makaa. Meli ilipigwa, ikazama. Wenziwe wawili waliookoka walifika Mombasa wakashuhudia mbele ya kadhi kwamba Salimu hakutoka. Shangazi akaingia eda: miezi minne na siku kumi za kukaa ndani, bila manukato, bila wanja, bila kuonekana na wanaume wasio maharimu zake, yaani wale wanaoweza kumwoa. Alipewa chumba cha nyuma, chenye dirisha dogo lililotazama ua. Nilimkumbuka shangazi yule kama mtu wa kicheko, aliyeweza kumwigiza kila jirani sauti na mwendo. Aliyeletwa kwetu alikuwa mwingine. Hakulia, hakusema. Alikula ukimwambia ale, akalala ukimwambia alale, na mchana kutwa alikaa juu ya kitanda amekumbatia magoti. Bibi, mama yake, mwanamke mkavu wa maneno aliyezika watoto watatu, alikuwa akisema, "Liandikwalo ndilo liwalo." Kisha alikwenda jikoni, nami nilimsikia akikwangua sufuria ambayo haikuwa na kitu.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumpelekea chakula, na nikimaliza nilikaa naye kwa sababu niliambiwa nisimwache peke yake. Kukaa kimya na mtu mzima ni adhabu kwa mtoto. Siku ya tatu nilichukua kurasa zangu, nikazitandaza sakafuni, nikaanza kuzipanga. Nilikuwa na Kipanga anayevunja mlango wa benki, Kipanga anayeshindana mbio na gari la moshi, na Kipanga aliyening'inia kwenye kamba juu ya shimo la mamba. Nilidhani shangazi amelala. Mara nikasikia sauti nyembamba, iliyokauka kwa kutotumiwa: "Huyu yuwaenda wapi?"

Nilishtuka. Nikamwambia sijui, ukurasa wa mbele sina. Alinyoosha mkono, nikampa. Aliupeleka kwenye mwanga wa dirisha. "Aenda kwao," akasema mwisho. "Mamake mgonjwa. Hao mamba wamchelewesha tu." Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya kwanza tangu aje, nami nilikimbia kumwambia bibi, lakini nilipofika mlangoni nilisita, nikarudi. Sikujua nitamwelezaje habari ya wale mamba.

Tangu siku hiyo tukawa wawili katika mkusanyo ule. Shangazi naye hakujua Kiingereza, lakini jicho lake lilikuwa jicho la fundi. Alitambua Kipanga amekasirika kwa namna alivyopanua pua, na akatambua yule mwanamke wa kofia ya manyoya ni mwongo kwa sababu kila picha alitazama pembeni. Pale palipokosekana ukurasa yeye alitia wake, kwa mdomo, na sauti zake za zamani zikaanza kurudi moja moja: jambazi alizungumza kama dalali wa samaki, askari kama jirani yetu mwenye pumu. Nimesoma vitabu vingi baadaye, lakini sijakutana na mwandishi aliyenifanya niogope kugeuza ukurasa kama alivyonifanya yeye, tena ukurasa ambao haukuwapo.

Mambo yakaharibika siku bibi alipoinua godoro la shangazi kulianika. Alikuta furushi zima la kurasa zetu. Alilishika kwa ncha za vidole, akatoka nalo kwenda jikoni, na mimi nyuma yake nikilia. "Mwenye eda na masanamu!" alisema. "Wanaume uchi, wamebanwa nguo hata mishipa yaonekana! Lila na fila havitangamani." Alikuwa amekwishapiga goti mbele ya jiko shangazi alipotokea uani. Alisimama kwenye jua, amekonda, amefumba jicho moja kwa ukali wa mwanga. "Mama," alisema, "hizo ni zangu." Bibi alimtazama. Kwa wiki tano binti yake hakuwa ameomba hata maji. Aliliweka furushi juu ya kinu. "Mpaka Ijumaa," akasema. "Ijumaa nyumba hii itafagiliwa, na hizi zitatoka."

Ningeweza kuzificha kwa mwenzangu yeyote mtaani, lakini hilo halikuwa tatizo langu kubwa. Tatizo langu lilikuwa ukurasa mmoja ambao nilikuwa nimemficha shangazi mwenyewe. Nilikuwa nimeupata juma lililopita, nikauchomeka katikati ya furushi: meli kubwa imeinama, mawimbi yamefika kwenye dohani, bomba lake la moshi, watu wameshika vyuma, na Kipanga anapiga mbizi. Hapo ukurasa ukaisha. Sasa bibi alipoliweka furushi juu ya kinu ukurasa huo ulianguka, na shangazi ndiye aliyeuokota. Aliingia nao chumbani, na furushi kwapani. Nilipomfuata nilimkuta ameuweka magotini, na safari hii hakutia maneno yake. Alisema tu, kwa utulivu ulionitisha, "Nitafutie unaofuata, Aisha. Huu siwezi kuumaliza mimi."

Jumatano nilikuwa dukani kabla mlango haujafunguliwa. Alibhai alipekua matita yote, akatikisa kichwa, kisha akajipiga paji la uso. "Fundi Kazungu! Seremala. Yeye naye alitaka zenye rangi, apambe ukuta." Fundi Kazungu alikuwa mtu wa Rabai, Mkristo, aliyefanya kazi kwenye karakana ya bandari na kupanga chumba nyuma ya msikiti wa Bondeni. Adhuhuri nilipiga hodi, roho mkononi. Mkewe alinikaribisha huku akinyonyesha, na nilipoinua macho nilimwona Kipanga ukutani, juu ya kitanda cha mtoto wao mchanga, amebandikwa kwa gundi ya unga ili chokaa isimdondokee mtoto. Ulikuwa ndio ukurasa wenyewe. Nilijua kwa ile dohani.

"Kuubandua hautabanduka," alisema Fundi Kazungu, akinawa mikono kwa ajili ya chakula cha mchana. "Lakini nitakusomea." Alikuwa amesoma misheni, Kiingereza akikijua vizuri. Alipiga magoti kando ya kitanda, akafuata maandishi kwa penseli yake ya useremala. Kipanga ameibeba meli mabegani. Kipanga ameifikisha ufukoni. Watu wa sitahani wanapiga makofi, nahodha amevua kofia, bibi mmoja mwenye kitoto analia kwa furaha. Niliuliza, "Na wa chini, wa kwenye makaa?" Fundi alitazama picha zote sita, akatazama tena. "Hawakuandikwa," alisema. Kisha, kwa kuwa aliona uso wangu, akaniuliza ni nani kwetu aliyekuwa wa chini. Nilimwambia. Aliweka penseli chini, mkewe naye akaacha kupakua. Wakanipa kipande cha muhogo, na njia nzima nilikwenda nao mkononi bila kuula.

Alhamisi baada ya alasiri niliketi mbele ya shangazi, nikamsimulia. Nilimwonyesha kwa mikono Kipanga alivyoingiza mabega chini ya meli. Nilimwambia juu ya nahodha na kofia yake. Bibi alikuwa amekuja mlangoni kulichukua furushi, siku moja kabla ya ahadi yake, nami nilimwona kwa pembe ya jicho lakini sikuweza kukatiza.

"Wameokoka wote?" shangazi aliuliza.

"Wote."

"Hata wa chini? Wa motoni?"

Nilikuwa nimefundishwa kwamba uongo ni moto, na nilikuwa mtoto mwoga wa moto. "Hata wao," nikasema. "Wao ndio aliowatoa kwanza, kwa sababu wako mbali na mlango. Mmoja alikuwa mweusi kwa makaa, meno tu yaonekana. Alikuwa akicheka."

Shangazi alifungua mdomo, na kilio kikatoka. Hakikuwa kilio cha kuomboleza kama nilivyozoea kukisikia misibani, bali kitu kilichokuwa kikija kutoka mbali, kikivunja njia. Aliangukia mto akalia hadi kitanda kikatikisika. Nilijua nimeua mtu. Nikamtazama bibi nikingoja kofi. Bibi aliingia, akaketi kitandani, akakiweka kichwa cha binti yake mapajani, akaanza kumpapasa nywele. "Mwache alie," aliniambia. "Mwiba uchomapo ndipo utokeapo." Walikaa hivyo muda mrefu. Shangazi alipotulia, bibi alilivuta furushi kwa mguu, akainua ukurasa wa juu, akautazama kwa mbali kama mtu anayetazama bei ya kitambaa. "Na huyu mwanamke wa manyoya," akasema, "mbona hatazami watu usoni?" Ijumaa nyumba ilifagiliwa, na furushi likarudi chini ya godoro.

Eda ilipokwisha shangazi alioga, akavaa nguo mpya, akatoka. Miaka miwili baadaye aliposwa na mwanamume wa Mwembe Tayari aliyefiwa na mkewe, mtu mpole, akazaa watoto wanne waliolelewa kwa visa vya Kipanga ambavyo hakuna mchoraji aliyepata kuvichora. Sikumwambia kamwe kwamba wale watu wa chini niliwatia mimi. Nadhani alijua, fundi humjua fundi. Kurasa zangu arobaini na kitu ziliishia kwa mchwa tulipohama Kibokoni, na sikuzililia sana. Jina la kweli la Kipanga sijalijua hadi leo. Kiingereza nilikuja kukijua, hata nikakifundisha, lakini jina hilo sikulitafuta.

Kitukuu changu ana hadithi za mashujaa kama hao kwenye simu yake, nzima nzima, zenye mwanzo na mwisho, zenye rangi ambazo sisi hatukuziota. Sisemi zetu zilikuwa bora. Michoro ya sasa ni ya ajabu, na mtoto anayeipata yote kwa kugusa kioo ana bahati ambayo mimi ningeitolea magazeti yote ya forodha. Ila naona anasoma peke yake, masikio ameyaziba, na kisa kikimtisha hana wa kumshika mkono. Sisi kila ukurasa ulitupeleka kwa mtu: kwa muuza duka, kwa seremala, kwa mama aliyekuwa akinyonyesha chini ya ukuta uliobandikwa picha. Juzi niliingia chumbani kwake, nikaketi ukingoni mwa kitanda, nikamwambia sioni vizuri, anieleze. Alisita kidogo, kama vijana wanavyosita. Kisha akasogea kunipisha, akairudisha hadithi mwanzo, akanieleza taratibu, jina kwa jina, mpaka adhana ya magharibi ikatukuta bado tuko katikati.