Mashine Iliyonyamaza Myanga

Nduta akikasirika hapigi kelele, anaosha vikombe. Siku nilipomkuta anasugua kikombe ambacho hakijatiwa chai, nilijua Waithaka, bosi wetu, amemkatalia tena.

Ofisi yetu iko Kitale, juu ya duka la mbegu. Tunauza mashine za kutotoa vifaranga, na kila mashine huja na kompyuta inayosoma joto kupitia waya wa kipimajoto. Mimi Jerono napokea simu za wateja, yaani nalipwa mshahara nitukanwe. Nduta ndiye mwandishi wa programu. Baba yake, mzee Kang'ethe, mkulima wa mahindi, huwaambia watu bintiye anatengeneza kompyuta, basi kila Krismasi wanamletea redio zilizokufa.

Ugomvi wake na Waithaka ulikuwa huu. Kompyuta za wateja wa Kitale zinatumia Windows. Zile za upande wa Bungoma Waithaka alizinunua kuukuu, akazitia Linux, mfumo mwingine wa bure. Sasa ukichomoa ule waya, Windows inatoa nambari moja ya kosa na Linux inatoa nyingine kabisa. Kosa ni lilelile! Programu yetu ilifundishwa nambari ya Windows tu. Ikiiona, kengele inalia mpaka majirani wanachungulia. Nambari isiyoijua inaiona kama kikwazo kidogo cha kupita, inajaribu tena na tena kimyakimya, na kwenye skrini linabaki joto la mwisho lililosomwa.

Nduta alitaka kurekebisha maktaba, yaani ule mkusanyiko wa vipande ambavyo programu zetu zote huazima, ili kila nambari, itoke mfumo wowote, igeuzwe kuwa jina moja: Waya Umetoka. Kengele ingelisikia jina hilo popote.

"Nduta, hiyo kitu inafanya kazi," Waithaka alimwambia. "Kitu inafanya kazi haiguswi."

"Inafanya kazi Kitale, bosi."

"Na huko Bungoma nani amelalamika?"

"Watalalamika aje na mashine haiwaambii kitu?"

Waithaka akacheka. Nilitamani kumrushia simu ya ofisi, na waya wake. Tena ni yeye mwenyewe aliyekuwa akizunguka kuwafundisha wateja, na somo lake lilikuwa fupi: mashine ikinyamaza, jua mambo yako sawa. Watu walimpigia makofi.

Kisha Dinah akapiga simu akilia. Dinah ndiye aliyetunza mashine ya kikundi cha akina mama wa kanisa huko Myanga, upande wa Bungoma. Mayai yote yalikuwa yameiva ndani ya maganda, kama ya kuuzwa na kachumbari. Kila mama alikuwa ameyatoa chini ya kuku wake wa kienyeji.

Kompyuta yake ilikuwa na tundu moja tu zima la kuchomeka waya, na nyumba ina soketi moja, inayotumiwa na mashine. Simu yake ilipoishiwa chaji alichomoa waya wa kipimajoto, akachomeka simu. Akatazama skrini: rangi ya kijani. Akasikiliza: kimya. Akaenda mazoezi ya kwaya. Lile joto la mwisho lilikuwa chini kidogo, kwa hivyo mashine iliendelea kuongeza moto. Kitale wateja walishajaribu ujanja huohuo, kengele ikawafukuza, hawakurudia.

Waithaka akatutuma mimi na Nduta, na agizo moja: "Waambie walichomoa waya. Kosa ni yao."

Tuliwakuta akina mama wameketi sebuleni kwa Dinah, na Dinah mwenyewe amesimama mlangoni kama mgeni. Peris, mwenyekiti wa kikundi, hakuzunguka.

"Madam, sisi tunataka kujua kitu moja. Ni mashine ama ni huyu? Kama ni yeye, mashine inatoka hapa leo. Kanisani tumeshamwombea atubu huo uzembe."

Dinah alikuwa anaangalia sakafu. Niliumia, nikamwangalia Nduta.

"Mama, si yeye," Nduta alisema. "Aliambiwa ikinyamaza ni sawa. Alichomoa, akasikiliza, ikanyamaza. Ingelia, angerudisha waya hapo hapo. Ni programu yetu ndiyo mbaya, na tulijua."

Simu ya Nduta ikaita. Alikuwa Waithaka.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

Akamweleza alichowaambia, na hapo hata mimi nilisikia kelele kutoka kwenye simu. Mwishowe Waithaka akashusha pumzi. "Haya, weka hiyo maktaba yako, lakini ya Myanga peke yake. Zingine usiguse."

"Na wale wa Malakisi, bosi? Wana Linux hiyohiyo, na mayai ndani sai."

"Malakisi si hawajalalamika bana!"

Akakata. Kwa mara ya kwanza nilimwona Nduta ana machozi ya hasira. Kisha akafungua kompyuta ya Dinah, akaingiza maktaba aliyokuwa ameiandika siku zake za mapumziko, akachomoa waya.

Kengele ililia hadi kuku wa uani wakatawanyika. Akina mama wakaruka, kisha wakacheka, hata Peris. Akainuka, akamshika Dinah mkono.

"Mama Levi, pole. Tulikukosea. Mashine inabaki kwako."

Dinah aliitikia kwa kichwa, lakini hakucheka. Alikwenda kwenye mashine, akafungua mlango wake, akatazama trei tupu.

"Sasa ndiyo inalia," alisema. "Wakati hakuna hata yai moja."

Nduta alirudisha waya, kengele ikanyamaza, akaweka vitu vyake kwenye mkoba. Tulipofika barabarani aliniuliza magari ya Malakisi yanasimama wapi.