Folda Isiyo na Mwenyewe

Mimi ndiye niliyebandika lile tangazo mlangoni. Nalisema mapema, maana kila harusi ya ukoo wetu lazima atokee mtu wa kulikumbusha ili watu wanicheke. Liliandikwa kwa herufi kubwa: MWENYE FOLDA YAKE ALIYOISAHAU KWENYE KOMPYUTA AJE AICHUKUE.

Ilikuwa miaka ile flashi zilipoanza kuenea Singida, kila mtu anatembea na yake imening'inia shingoni kama ufunguo wa ghala. Shangazi yangu alikuwa amenunua na kuuza alizeti Iguguno tangu biashara iliporuhusiwa kwa watu binafsi. Baadaye akafungua stesheneri mjini, akaniweka mimi kwenye kompyuta kwa kuwa nilikuwa na cheti cha miezi mitatu. Yeye mausi hakuigusa. "Hicho kidude kinanikimbia," alisema, akabaki kwenye kiti chake mlangoni akiwachambua wapita njia.

Dukani kwetu kila folda ilikuwa na jina la mteja. Asubuhi moja nikakuta folda ngeni, haina jina la mtu yeyote. Nikamwuliza shangazi kama niifute. Akanikata jicho.

"Mali ya mtu hiyo! Mwenyewe akija utamwambia nini?"

Ndipo likaja tangazo. Na watu walikuja, jamani! Mama mmoja kutoka Mwankoko alidhani ni picha za mwanawe. Mwalimu mmoja alidhani ni mitihani yake. Fundi viatu wa jirani hakuwa na flashi wala kompyuta, alikuja kwa udaku tu. Kila mmoja nilimfungulia kwa heshima zote, nabofya mara mbili, ndani hamna kitu. "Si yangu," anasema, anakwenda zake.

Siku ya tatu shangazi akaguna. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hiyo folda inakula bure."

Siku ya nne, Alhamisi, nikafungua folda ya babu. Tupu.

Babu ndiye baba yake shangazi. Kila Ijumaa baada ya sala alikuja dukani, anakaa karibu yangu, ananisimulia habari za ukoo nami nachapa. Shangazi ndiye aliyeharakisha kazi hiyo, kwa sababu babu alikuwa ameanza kusahau. Siku nyingine alimwulizia bibi, na bibi tulishamzika. Mambo aliyonisimulia mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu hakuwa nayo tena. Yalikuwa ndani ya ile folda peke yake, na kesho yake alikuwa anakuja kuyasikiliza yakiwa yamechapwa kwenye karatasi.

Nikafungua folda nyingine, nayo tupu. Nyingine, tupu. Nikalia kwa sauti, sioni haya kusema. Shangazi akaja, akasimama nyuma yangu akitazama ile orodha kwenye kioo.

"Hizi tarakimu za pembeni ni za nini?"

"Ukubwa wa kila folda, shangazi. Tuseme uzito."

"Ya baba yangu, ya kadi za harusi na ya yule mwalimu, zote uzito mmoja?"

"Ndiyo."

"Ala! Mwanangu, nimepima alizeti miaka mingapi mimi? Magunia ya watu tofauti hayalingani hadi kilo ya mwisho. Ukiona yamelingana, ujue kafungasha mtu mmoja, na ndani si alizeti."

Machozi yalikauka papo hapo. Nikakumbuka kumbe kwenye ile orodha folda ya kweli haiandikiwi ukubwa kabisa! Nikaiamuru kompyuta ionyeshe majina kamili, na kila moja ikatoa mkia wake: .exe. Hazikuwa folda. Ilikuwa programu moja ya kirusi, imeingia na flashi ya mteja, imevaa sura ya folda, inajizalisha kwa majina ya wateja wetu. Na kila nilipoibofya ilifanya kazi, kwa hiyo ni mimi niliyekuwa nikiichochea, mbele ya mashahidi, na tangazo mlangoni.

Nikaitafuta kwenye orodha ya programu zinazokimbia chinichini, nikaisimamisha kwanza, maana ukifuta bila kusimamisha inarudi. Kisha nikaiambia kompyuta ionyeshe vilivyofichwa. Loh! Folda zetu zote zikajitokeza, zimefifia kama kanga iliyofuliwa sana, lakini zipo. Nikafungua ya babu. Kurasa zote thelathini na tisa, na makosa yangu ya kuchapa humohumo.

Shangazi alipiga vigelegele mpaka mwenye bucha akaja kuuliza nani kajifungua.

"Sasa nazifuta hizi za uongo," nikasema, "ila mwenyewe akija nitamwambia nini?"

Akanipiga kibao cha bega, akacheka hadi akakaa. "Sogea, nipe mimi." Akaishika mausi kwa mikono miwili kama anamshika kuku, akazifuta moja baada ya nyingine, kila moja na tusi lake. Tukazima kompyuta, tukawasha, hazikurudi. Tangazo alilichana mwenyewe, na tangu siku hiyo hakuna flashi iliyoingia dukani bila kupimwa.

Ijumaa babu akaja na kanzu yake safi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mke wangu. Umeniivishia nini leo?" Hayo ya utani hakuyasahau kamwe.

Nikamsomea alivyotoka Rungwa na debe la asali kwenda kuposa, nyuki wakamfuata hadi ukweni, wakwe wakakimbilia zizini, na binti aliyekuwa anaposwa ndiye peke yake aliyebaki uani, akamfunika babu kwa kanga yake. Babu alicheka hadi kofia ikaanguka. Shangazi mlangoni alikuwa anacheka na kujifuta macho.

"Huyu jamaa ni nani?" babu akauliza. "Anajua kusimulia huyu!"

"Ni wewe, babu. Na yule binti ni bibi."

Akanitazama, kisha akazitazama karatasi, kisha akaokota kofia yake na kuivaa vizuri.

"Basi rudia hapo," akasema, "pale anaponifunika."