Ndoo ya Pombe kwa Baba Mkwe

Mke wangu aliondoka siku ya mnada, na kusema kweli sikujua kama ameondoka mpaka kesho yake. Niliamka kichwa kinagonga, nikaita niletewe maji, nikaita tena, kimya. Nguo zake hazipo, mtoto hayupo. Jirani ndiye aliyeniambia kwamba amerudi kwao, tena aliniambia huku anachekelea, mshenzi yule.

Kwa ukoo wetu huku Iguguno, mke akirudi kwao humfuati mikono mitupu. Unakwenda na pombe. Baba mkwe akiipokea na kuionja, mazungumzo yamefunguka. Akiikataa, ndoa ndiyo imekwisha. Basi mimi, mtu niliyekimbiwa kwa sababu ya pombe, nilifunga ndoo ya lita ishirini ya pombe ya mtama kwenye baiskeli, nikaenda kuomba msamaha. Cheka tu. Wakati ule sikuona cha kuchekesha. Nilijiona nina adabu.

Baba mkwe aliitazama ile ndoo muda mrefu. Kisha akaagiza kikombe, akaonja, akanywa chote. "Binti atarudi siku nitakayoona umekuwa mtu," akasema. "Nenda." Nikarudi nafoka njia nzima. Yaani anywe pombe yangu halafu mke aninyime!

Kama wiki tatu baadaye nilianguka na baiskeli nikiwa nimelewa, nikashonwa mdomo zahanati. Nesi aliyenishona, binti mdogo tu lakini mkali, aliniuliza, "Kaka, unataka kuacha au unataka kufa?" Nikasema kuacha. Akaniambia Shelui kuna watu wanaopambana kuacha pombe, hukutana kila Jumamosi saa nane mchana, kwenye chumba nyuma ya mashine ya kukamua alizeti. Hakuna daktari, wanasaidiana wenyewe kwa wenyewe. Nilifurahi kusikia ni Shelui. Ni mbali, hakuna anayenijua.

Nilipofika mashineni niliona aibu kuuliza. Nikajifanya nimekuja kununua mashudu ya kuku. Yule bwana wa mashine akaangalia mdomo ulioshonwa, akaangalia mikono inayotetemeka, akasema bila hata kucheka, "Mashudu ni hapa. Wenzako wako mlango wa nyuma. Wameshaanza, wahi."

Walikuwa kama watu kumi, wamekaa kwenye mabenchi, wamenipa mgongo. Aliyeongoza alikuwa mama mmoja mnene, zamani mpika pombe, akanionyesha nafasi kwa kidevu. Nikakaa nyuma kabisa. Kule mbele mzee mmoja alikuwa anaongea, kavua kofia, kainamisha kichwa. Sauti yake niliijua hapo hapo. Alikuwa baba mkwe.

"Nilikaa miezi tisa sijaionja," alikuwa anasema. "Nyumbani hawajui kama nakuja huku, nawaambia nakwenda kuulizia bei ya alizeti. Halafu mkwe wangu akaja na ndoo. Nikiikataa, nimevunja ndoa ya mwanangu. Nikasema kikombe kimoja tu, cha heshima. Alipoondoka, ndoo nikaimaliza, na sikuacha tena. Leo ndiyo siku ya nne sijanywa. Kijana simlaumu. Ila binti yangu analia. Anasema ametoka kwa mlevi, amekuja kwa mlevi."

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mlango ulikuwa hatua mbili tu. Kwetu mtu na mkwewe hata sahani moja hawali, sembuse kumsikia akijivua nguo namna ile. Ningetoka kimya kimya, asingejua, heshima yake ingebaki na yangu ingebaki. Lakini nilijua pia kwamba nikitoka pale naingia kilabuni moja kwa moja, na mke ndiyo basi tena.

Nikasimama. "Shikamoo, baba," nikasema. "Ile ndoo niliileta mimi."

Wote wakageuka. Mzee akageuka wa mwisho. Alitazama nyuzi za mdomoni kwangu, uso ukambadilika, sijui ilikuwa hasira au huruma. Mimi tayari nilikuwa nalia, mtu mzima na ndevu zangu. Nikasema yote. Kwamba siku mtoto alipochemka homa, mama yake alimbeba peke yake mpaka zahanati kwa sababu mimi niliamshwa sikuamka. Kwamba mke wangu sikuwahi kumwomba radhi hata siku moja. Nilikwenda kumwomba baba yake, tena kwa pombe.

Yule mama hakuniambia hata pole. Alisema, "Kaa, baba, tunaendelea," na mwingine akaanza kuongea yake. Nilimshukuru moyoni, maana pole moja tu ingenimaliza.

Kikao kilipokwisha nilimkuta mzee amesimama nje, ananisubiri. Nikainama, nikangoja matusi. Hata angenipiga nisingejitetea.

"Marahaba," akasema, maana kule ndani hakuwa ameitikia. Akavaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. "Mke sikupi. Bado. Siwezi kumtoa kwangu nilivyo nikamrudisha kwako ulivyo."

"Ndiyo, baba."

"Lakini Jumamosi nipitie nyumbani tuje wote. Peke yangu sifiki, mwanangu."