Tutabaki Kura

Jumapili iliyopita, huku kwetu Mabira, mwenyekiti wa kigango alisimama baada ya komunyo akatangaza: "Wote mliojitolea kubeba mawe ya ukumbi, misa ikiisha msiondoke. Tutabaki kura."

Midomo yetu ya Kinyambo haitofautishi l na r, nasi sote tukadhani ni uchaguzi wa katibu wa kigango. Mawe tunabeba kwa moyo mmoja, lakini ukatibu tunaukimbia. Padre alipomaliza tu baraka, wanaume tulikuwa mlangoni. Jirani yangu aliwasha bodaboda akiwa bado na kitabu cha nyimbo kwapani, nami nikarukia nyuma yake.

Mama mpishi akatokea nyuma ya kanisa, ameinua mwiko kama mbeba msalaba.

"Nyie! Mnakimbia mbuzi?"

"Tunakimbia kura, mama!"

"Ni kura ndizi! Kura nyama!" Akapeleka vidole mdomoni, akatafuna hewa.

Tulirudi kwa kasi zaidi kuliko tulivyotoka. Ndizi zilikuwa zinafuka mvuke kwenye majani ya mgomba, na mbuzi amejaa sufuria. Tulikula huku tunachekana. Katikati ya tonge mwenyekiti akauliza jambo ambalo sikulisikia vizuri, nami wakati huohuo nilikuwa nimenyoosha mkono juu kuomba mchuzi.

Makofi yakalipuka.

"Katibu tumempata!"

Basi, ndugu msomaji, ukisikia nilibaki kura, usiniulize ni kwa l au kwa r. Ni kwa zote mbili, na mchuzi haukuja.