Nilienda kumhoji Akko, akanihoji yeye

Leo nimehojiwa na mtu niliyeenda kumhoji. Tena mbele ya wanafunzi wangu!

Kazi yangu ni kufundisha wahudumu wanaotembelea wazee na watu wenye ulemavu nyumbani. Asubuhi nikawapeleka kijiji cha Chechelesi kwa Akko, nyanya wa Kiborana anayeishi peke yake, niwaonyeshe vile maswali huulizwa.

Nikaketi, nikaegemeza magongo yangu ukutani, nikafungua mdomo.

"Ngoja," akasema. "Kwetu mgeni ndiye huulizwa hali kwanza. Nani anakuchotea maji?"

Nikajibu.

"Ukiwa mgonjwa, nani anakupikia?"

Jamani, hayo si maswali yangu? Wanafunzi nao wanajikaza wasicheke.

"Na ukianguka usiku, unaita nani?"

Hapo nikayatazama magongo yangu pale ukutani. Swali hilo nalifundisha kila mara, lakini hakuna mtu alikuwa amewahi kuniuliza mimi.

Akko akatoa kasimu kake kwa leso, akanipatia. "Jipigie na hii upate namba yangu. Utaniita mimi."

Asante sana, Akko. Hata sikumaliza somo.

Nyinyi je, mkianguka usiku mnaita nani?

Mimi kuanzia leo niko na mtu.