Nani Akuletee

Mke wangu kazi yake ni kurahisisha. Wateja wakiniuliza hapa kwenye cherehani yangu nawajibu hivyo tu, maana maelezo marefu huwafanya wasahau nguo iliyowaleta. Anapanga kurasa za programu ya simu ambayo wenye vibanda huagizia bidhaa: neno likae wapi, kitufe kiwe kikubwa kiasi gani, mtu abonyeze mara ngapi mpaka katoni ya sabuni imfikie mlangoni. Mimi nashona sare za shule kutwa nzima, mgongo unaniuma, na bado yeye hurudi nyumbani amechoka kunishinda. Zamani nilidhani anadeka.

Kinachomchosha ni kunyamaza. Huenda kibandani, akampa mwenye kibanda simu, akamwomba aagize soda, kisha anafunga mdomo. Mtu akipotea haruhusiwi kumwelekeza, kwa sababu akimwelekeza hatajua amepotelea wapi. Na kwa kuwa kidole kina kiherehere chake, huikalia mikono yake chini ya mapaja mpaka jaribio liishe. Nami ameshanifanyia hivyo, mume wake wa ndoa, nikihangaika kutafuta kitufe nisichokiona huku ananitazama kama daktari anayengoja kipimo. Nilinuna mpaka chakula cha jioni.

Sasa mjue na shemeji yangu. Ni kaka yake mkubwa, na sokoni kote anaitwa Kreti, kwa sababu hujawahi kumwona bila kreti za soda. Anachukua mzigo kwenye ghala la kampuni na kuupitisha kwa mkokoteni kibanda hadi kibanda. Huko anapokelewa kama ndugu. Anajua nani mgonjwa, nani kajifungua, nani kagombana na mwenye nyumba. Wazazi wao walifariki mapema, na mkokoteni ule ndio uliomsomesha mke wangu. Kila anachokijua kuhusu simu na kurasa kimetoka kwenye mabega ya Kreti, na hilo halisahau.

Ile programu, tangu ilipoanza, ukurasa wake wa kwanza ulikuwa unauliza: Nani akuletee? Chini yake zinatokea sura za wasambazaji wa mtaa huo, mwenye kibanda anamgusa amtakaye. Mke wangu aliubuni yeye mwenyewe. Siku ya kupigwa picha Kreti alinyoa ndevu, akavaa shati nililomshonea la kola ngumu, akasimama mbele ya ukuta wangu mweupe kama bwana harusi. Alitoka vizuri, lazima niseme ukweli.

Kisha kampuni ikanunua malori. Bosi wa mke wangu, mtu mpole anayezungumza polepole hata anapokuchoma kisu, akasema ule ukurasa wa sura hauna kazi tena. Mtu afungue simu, aguse soda, lori limletee, basi. Akamkumbusha kwamba ni yeye aliyekuwa akiwahubiria kila siku kwamba kila mguso usio wa lazima ni mzigo kwa mtu. Hapo mke wangu hakuwa na pa kutokea. Akasema wasibishane, wakawaulize wenye vibanda, na bosi akakubali kwamba watakavyosema ndivyo itakavyokuwa.

Jioni ile alinieleza hayo akiwa amejilaza na viatu miguuni. Ukurasa ukiondoka, Kreti ameondoka nao. Hana biashara nyingine, na magoti yake hayamruhusu kuanza kubeba vya watu.

Alikwenda na kurasa mbili, ule wa sura na mfupi usio na sura, na Kreti akamzungusha vibandani kwa sababu bila yeye wale mama wasingempa mgeni nafasi ya kukaa. Kila mmoja alisema wa sura ndio mzuri. Kila mmoja alimgusa Kreti. Mke wangu akarudi, nami nikachinja kuku moyoni. Nikamwambia apeleke majibu, yamekwisha, alale.

Hakulala wala hakupeleka. Alikaa ukingoni mwa kitanda akasema, "Walikuwa wanamwangalia yeye kwanza, ndipo wanabonyeza. Kaka alikuwa amesimama pale pale, baba. Ungekuwa wewe ungemkataa mbele yake?"

Nikamwambia mimi nisingejiuliza maswali hayo. Majibu ni majibu. Tuligombana sana, na nilimwambia maneno kuhusu watu wanaokula kwa mkono wa ndugu kisha wanaung'ata. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Hadi leo naona nilikuwa na haki, na hadi leo yeye anaona hakuwa na njia nyingine.

Alirudi sokoni peke yake. Wale wale mama, simu ile ile. Safari hii walijaribu kurasa zote mbili na karibu wote wakachagua ule mfupi. Aliniambia ya mama mmoja wa kibanda cha pembeni auzaye unga na soda, mwanamke ambaye Kreti aliwahi kumpeleka hospitali kwa mkokoteni akiwa na uchungu wa kuzaa. Yule mama aliishika simu muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kreti ni mtu wangu, dada. Lakini yeye hufika jua likishapanda. Lori likileta alfajiri, mimi nitapata kukaa kidogo. Nimechoka, mwenzio." Mke wangu alikuwa ameikalia mikono yake. Aliniambia ilikuwa imekufa ganzi, naye akashindwa kumchukia yule mama kwa sababu uso wake ulikuwa kama ule anaouona yeye mwenyewe kwenye kioo.

Akapeleka majibu ya siku ile ya pili. Ukurasa ukaondolewa.

Jumapili Kreti akaja kwetu, kama kawaida yake, akaniomba niangalie zipu ya koti. Mke wangu alimweleza yote bila kuzunguka. Nilisimamisha cherehani. Nilitaka shemeji afoke, nimsaidie kufoka.

Kreti alisugua goti. "Nilijua tangu siku ile tulipozunguka wote," akasema. "Walikuwa wananitazama machoni. Mtu anayekutaka hakutazami hivyo." Kisha akauliza kama wale mama walikuwa na haraka sana siku hizi, na mke wangu akasema wana haraka, kaka, wamechoka. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa habari za mgonjwa wake.

Baada ya muda akatoa simu. "Ile picha yangu," akasema, "kama mmeshaitoa huko, nipe mimi. Sina nyingine niliyotoka vizuri vile."

Mke wangu akamtumia. Kreti akataka aiweke iwe inaonekana anapowapigia watu, akaanza kuitafuta njia. Akafungua pasipo penyewe, akarudi, akafungua pengine, kidole kile kinene cha kubebea kreti kikielea juu ya kioo. Nikamtazama mke wangu. Alikuwa ameshaiingiza mikono chini ya mapaja, kwa mazoea tu, na machozi yanamtoka bila sauti.

Kreti akapotea tena. Hapo mke wangu akautoa mkono mmoja, akasogea, akakishika kidole cha kaka yake na kukipeleka penyewe.

"Hapa, kaka," akasema. "Bonyeza hapa."