Rimu Niliyoshuka Nayo Bondeni

Safari hii ilianzia kwenye kitanda cha hospitali, wala si changu. Mama mmoja wa Kisukuma kutoka bonde la Rukwa, Mama Kulwa, alikuwa amelazwa na mwanawe Doto mjini Sumbawanga. Doto ni pacha wa Kulwa. Kwenye kitanda cha jirani walikuwapo akina mama wa Kifipa wakimuuguza ndugu yao, na kila walipomaliza kusali rozari walimgawia uji bila kumwuliza anasali wapi. Mtoto akapona. Mama Kulwa akarudi kwake na hamu moja tu: afundishwe imani ya wale wanawake, abatizwe yeye na mapacha wake.

Mumewe, Mzee Masanja, hakukataa wala hakukubali. Alituma neno parokiani kwetu kwamba mwalimu aje akae nyumbani kwake. Akiiheshimu nyumba na majirani, mafundisho yataendelea. Asipoheshimu, asirudi, na habari ya ubatizo isitajwe tena kwake. Paroko akanichagua mimi, katekista wa kigango kimoja huku Mwazye. "Nenda ukakae nao kwanza, Gaudensi," aliniambia. Mimi nilisikia "nenda". Hayo mengine yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Mwazye, alfajiri, ilikuwa baridi ile ile mnayoijua, ya kumfanya mtu azungumze na ndoo ya maji kabla ya kunawa. Mke wangu, Leokadia, alinifungia unga wa ulezi. "Usiende mikono mitupu," alisema. "Wao wana maziwa na mchele, ulezi hawana. Na ukifika, punguza sauti. Wewe ukihubiri hata kuku wanaacha kutaga."

Hapa niseme jambo moja ili mnielewe. Mimi ndiye mpiga kengele wa kigango chetu. Kengele yenyewe ni rimu ya lori kuukuu, imening'inizwa mtini, nami huigonga kwa nondo. Nikiigonga Jumapili, watu wa ng'ambo ya mto wanaanza kufunga vifungo vya mashati. Sijivuni, lakini mkono wangu unajulikana.

Majengo, Sumbawanga, nilifikia kwa dada yangu Skola, mwenye duka la vitenge. Jirani yake ni fundi magari, na nje ya karakana yake zilirundikwa rimu zilizochoka. Nikachagua moja nzito. Fundi aliposikia ni ya kazi ya Mungu, akaniambia nichukue tu.

Skola aliitazama rimu ile mlangoni pake. "Kaka, wamekuomba kengele?"

"Wameomba dini."

"Ndiyo nakuuliza. Wamekuomba kengele?"

Nikamwambia biashara ya vitenge anaijua yeye, ya kengele aniachie mimi. Akacheka, akanipakulia maharage.

Kesho yake basi lilipita tambarare, mahindi kushoto na kulia, kisha nchi ikaisha. Anayeshuka mteremko wa Lyamba lya Mfipa mara ya kwanza hujikuta ameshika kiti cha mbele. Mbele yetu kulikuwa na hewa tupu, na chini kabisa bonde la Rukwa limelala katika ukungu wa joto. Kila kona tuliyoshuka nilivua kitu: kwanza koti, halafu sweta, halafu soksi. Kondakta aliyekuwa akiisogeza miguu ya abiria ipishe rimu yangu aliniuliza, "Mzee, gari lenyewe umeliacha wapi?" Basi zima likacheka, nami nikacheka nao, maana nilijua chuma changu kinakwenda kufanya nini. Au nilidhani najua.

Mtowisa nilipokewa na Mzee Masanja mwenyewe, mtu mrefu mwembamba mwenye fimbo, akiwa na mkokoteni wa maksai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bhabha. Mwazye hawajambo? Mama hajambo? Watoto? Mvua? Ng'ombe je?"

Nikamwambia sina ng'ombe, nina nguruwe wawili. Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Halafu akatabasamu. "Wafipa tunawajua. Kula, lala, tembea utakako. Radi tu usituletee." Mnajua jinsi nchi nzima inavyotutania kwamba sisi Wafipa tunawatumia watu radi. Nikamwambia radi nimeiacha nyumbani inachunga nguruwe. Tukapatana hapo hapo.

Aliisaidia rimu kupanda mkokotenini, akaigeuza kidogo, asiulize. Baadaye nilijua kwamba kwake mgeni haulizwi mzigo wake. Husubiriwa aufungue mwenyewe.

Nyumbani kwa Masanja, Mama Kulwa alipiga goti kunisalimia, na unga wa Leokadia akaupokea kwa mikono miwili. Uji wa ulezi ulipikwa jioni ile ile, naye Doto akadai ule ni uji wa hospitali na akaomba tena. Maji ya kuoga nilichotewa, kigoda cha mwenye nyumba nilipewa, na maziwa ya mgando nililetewa mpaka nikaanza kuogopa kibuyu nikikiona kwa mbali. Niliwapenda watu wale upesi, sitaki kuficha.

Mafundisho tuliyafanya ukutani mwa jiko, penye kivuli. Siku moja nilisimulia ule mfano wa mchungaji mwenye kondoo mia, aliyewaacha tisini na tisa nyikani akaenda kumtafuta mmoja aliyepotea. Nilisimulia vizuri, hata machozi yakanilengalenga. Mama Kulwa akainua mkono.

"Mwalimu, wale tisini na tisa aliwaacha na nani?"

"Aliwaacha nyikani."

"Na nani?"

"Huu ni mfano, Mama Kulwa. Tusiuchimbe sana."

Masanja alikuwa akisuka kamba kando yetu. Alisema taratibu, "Mfugaji huyo angekuwa wa huku, jioni angekuwa na kondoo mmoja." Akaendelea kusuka. Mama Kulwa akainamisha uso, nami nikahamia somo jingine haraka.

Jumapili niliamka kabla ya wenyeji. Nilitaka kuwashangaza, na kweli niliwashangaza. Nilining'iniza rimu kwenye mgunga ulio karibu na zizi, nikashika nondo, nikagonga kama ninavyogonga Mwazye siku ya Pasaka. Sauti ikatoka safi. Bonde ni tambarare, hakuna kilima cha kuizuia, ikaenda, ikaenda. Ng'ombe wakasukumana zizini. Nikagonga tena.

Wa kwanza kutokea alikuja mbio na fimbo na mbwa wawili. Nikafurahi, nikasema moyoni, tazama walivyo na kiu. Wa pili alikuja na mkuki. Kisha wakaja makundi makundi, vifua wazi, wengine na majembe, mmoja na povu la sabuni usoni, wote wanahema. Mkono wangu ukaganda hewani.

"Wameelekea wapi?" aliuliza aliyekuwa mbele, mzee mpana aitwaye Luhende, ambaye ndiye mkuu wa ulinzi wa pale.

"Akina nani?"

"Wezi wa ng'ombe!"

Nikajibu kwa sauti ambayo hata Leokadia asingeilalamikia. "Hakuna wezi, mzee. Ni... ilikuwa saa ya sala."

Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipoelezwa kile ambacho hata mtoto wa pale anakijua. Katika bonde lile, filimbi, yowe au chuma kikilia alfajiri, huo ni mwano: mali ya mtu imechukuliwa. Akiusikia, mwanamume huacha kila kitu na kukimbia, na asiyekimbia leo hatakimbiliwa kesho. Kwa hiyo mwano haupigwi ovyo. Watu wakizoea kuitwa bure, siku ya kweli watajigeuza kitandani, na familia itaamka haina kitu.

Wakaketi chini pale pale kuliamua. Nilitamani ardhi ipasuke. Masanja alisimama, shuka begani, akasema, "Mgeni ni wangu. Kosa ni langu. Mbuzi wa faini atatoka zizini kwangu." Hakunitazama. Mlangoni mwa jiko Mama Kulwa alisimama na mapacha wake, amejikunja ndani ya kanga, midomo imekaza. Alikuwa amengoja mwaka mzima, akijisemea sala za kuokoteza hospitalini, na mimi nilikuwa nimezivunja zote kwa nondo.

Nilikuwa na utetezi tayari: kwamba nia yangu ilikuwa njema, kwamba sikuambiwa. Niliutazama uso wake nikaumeza. Nikapiga magoti mbele ya wale wanaume waliotoka jasho kwa ajili yangu.

"Wazee wangu," nikasema, "nimekula kwenu, nimelala kwenu, nimewafundisha. Sikuwauliza hata mara moja mnaitana vipi. Naomba radhi. Nipeni adhabu yangu, msimpe Mzee Masanja."

Luhende alishauriana na wenzake kwa Kisukuma. Kisha akatoa hukumu. Mbuzi wa Masanja atachinjwa, kwa kuwa mwenyeji hujibu kwa mgeni wake. Ila mimi nitakwenda kwa miguu kila mji, ndiyo kusema kila kaya, iliyotoa mtu, nikawaambie waliobaki kwamba hakuna hatari, maana wanawake na wazee walikuwa bado wameshika mioyo. "Mwano ukipigwa, lazima utulizwe," alisema. "Aliyeuwasha ndiye huuzima."

Mama Kulwa alinisindikiza na mapacha wake, anitafsirie. Mji wa kwanza nilitaka niseme ujumbe wangu nigeuke. Alinishika mkono wa shati. "Hapana, mwalimu. Huku hutupi neno ukiwa umesimama. Kaa. Salimia."

Nikakaa. Nikasalimia. Nikaulizwa habari za Mwazye, mvua, mke, ng'ombe. Nikaeleza tena msiba wangu wa nguruwe wawili. Nikaletewa maziwa ya mgando, nikayanywa yote, kwa kuwa ni nani mimi wa kukataa siku ile? Kisha nikaomba radhi. Bibi mwenye mji akacheka mpaka akashika ubavu. "Kumbe ni wewe! Sisi tulidhani radi ya Kifipa." Alipofuta macho akauliza, "Haya, ulikuwa unatuitia nini?"

Nikamweleza. Sikuhubiri, maana nani anahubiri baada ya aibu kama ile na tumbo limejaa hivyo? Nilisema tu tunachokiamini sisi, na kwa nini Jumapili tunakusanyika. Alisikiliza, akauliza, nikajibu nilichokijua. Mji wa pili ikawa hivyo hivyo, na uliofuata, na uliofuata. Kila nyumba walicheka, na kila nyumba waliniuliza wao wenyewe.

Jua likiwa limeinama tukafika zizi moja kubwa, ng'ombe wamejaa hadi kwenye ua wa miiba. Langoni alikaa mzee mmoja mwenye mguu mbovu. Nikaomba radhi. Akasema, "Mimi sikukimbia, sina miguu. Wenzangu waliposikia mwano waliswaga mifugo yao wakaniachia, kisha wakakimbilia kwenu. Bado hawajaja kuichukua, wanakula mbuzi wako."

Mama Kulwa alisimama ghafla. Akanitazama, uso umemfunguka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Mwalimu, ndiye huyu!"

"Huyu nani?"

"Aliyeachiwa wale tisini na tisa."

Nimeufundisha mfano ule tangu ujana wangu. Nilikaa chini karibu na yule mzee, nikamwomba Mama Kulwa auelezee yeye, kwa Kisukuma, nami nikasikiliza.

Siku ya kurudi, Masanja alinipeleka Mtowisa kwa mkokoteni. Njia nzima hakugusia jambo lile, na mimi sikuthubutu. Basi lilipowasha injini ndipo akasema, "Utarudi lini?"

"Nirudi, mzee?"

"Mama Kulwa hajamaliza masomo. Chuma chako lakini hukipati. Luhende amekichukua. Anasema tangu azaliwe hajasikia mwano unaofika mbali vile."

Nikapanda mlima nikivaa nilivyovua: soksi, sweta, koti. Leokadia nilimsimulia yote bila kujipamba. Alicheka, kisha akaniambia, "Ungeniuliza hata mimi, ningekwambia kwamba watu husalimiwa kwanza." Siku hizi Jumapili bado napiga kengele ya kigango, lakini Jumamosi nazunguka milangoni. Kwa wengine nilikuwa sijawahi kuketi, ingawa kengele yangu iliwaamsha miaka yote. Nilishuka nikidhani nimebeba kitu ambacho wale watu hawana. Nilichobeba kilikuwa kweli. Ila nilikuwa nakirusha kwa mbali.

Nilishuka tena mara kadhaa, bila mzigo zaidi ya unga wa ulezi. Pasaka ikafika. Mama Kulwa, Kulwa na Doto walibatizwa kanisani Mtowisa, na majirani wa miji ile niliyoizungukia wakaja na mikokoteni, wengi wao kutazama tu. Mama Kulwa alipoinua uso wenye maji, alikuwa akicheka. Mimi nililia, na sikujali nani ananiona.

Masanja sikumwona ndani. Nilitoka kumtafuta, nikidhani amebadili nia. Nilimkuta nje kwenye kivuli, fimbo magotini, katikati ya maksai wa mikokoteni yote iliyokuja.

"Mzee, mbona huingii? Familia yako iko mbele kule."

"Nimewasikia wakiimba," alisema. "Nenda, bhabha, usiwaache. Hawa wengine lazima mtu abaki nao."